Seli mundu na nguvu dhaifu zinazoshikilia protini

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha sita ni nini kinachoifanya protini ikae katika umbo lake, naye atakutajia orodha bila kusita: vifungo vya haidrojeni, vifungo vya ayoni, vifungo vya salfa kwa salfa, na mwisho kabisa nguvu ya kukimbia maji. Ataongeza kwamba cha salfa ndicho imara kuliko vyote. Jibu ni sahihi na atapewa alama zake zote. Lakini jinsi orodha hiyo ilivyopangwa inaficha jambo lenyewe. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, haina hata kifungo kimoja cha salfa kwa salfa. Ile nguvu inayotajwa mwisho ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya jengo lake, na nguvu hiyo hiyo, ikijitokeza mahali pasipo pake, ndiyo inayowalaza watoto wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wakilia kwa maumivu ya mifupa.

Sisemi haya kwa ajili ya mtihani. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wenye seli mundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani. Kongo, Uganda na Kenya nazo zimo. Mzazi wa mtoto huyo akifika kliniki hupewa orodha yake pia: mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, akipata homa aletwe haraka, ameze vidonge vya foliki. Orodha ya darasani na orodha ya kliniki zinatoka kwenye chanzo kimoja, ila hakuna anayeziunganisha. Matokeo yake mzazi huyaona masharti yale kama maneno ya kumtuliza mtu ambaye hana fedha za tiba ya kweli. Nataka kuonyesha kwamba sivyo. Protini inaposhikiliwa na nguvu dhaifu, badiliko dogo huleta tofauti kubwa mno, kwa ubaya na kwa wema, na seli mundu inathibitisha pande zote mbili.

Protini huanza kama mnyororo wa asidi amino zilizofungamanishwa kwa vifungo vya kushirikiana elektroni. Hivi ni vigumu kweli. Kuvunja kifungo cha kaboni kwa kaboni kunahitaji takribani kilojuli 350 kwa moli, na joto la mwili haliwezi kufanya hivyo. Kama protini ingekuwa mnyororo tu, habari ingeishia hapo. Ila mnyororo ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni lazima ujikunje hadi upate umbo lake, na umbo hilo halishikiliwi na vifungo vile vigumu.

Tofauti ya nishati kati ya protini iliyojikunja vizuri na ile iliyokunjuka, kwa protini nyingi ndogo, ni kilojuli 20 hadi 60 kwa moli. Tazama namba hizo kwa makini. Ndani ya protini moja kuna mamia ya mishikamano, na bado jengo zima limesimama kwa tofauti isiyofika hata sehemu ya tano ya kifungo kimoja cha kaboni. Ndiyo maana homa kali ni hatari, ndiyo maana chanjo na insulini zinahitaji ubaridi, na ndiyo maana asidi amino moja iliyokosewa inaweza kuharibu maisha.

Mbona tofauti ni ndogo hivyo? Kwa sababu ya maji. Kifungo cha haidrojeni kati ya sehemu mbili za protini kina nguvu ya kutosha, lakini sehemu hizo hizo, protini ikikunjuka, zinapata vifungo vingine vya haidrojeni na maji yaliyozizunguka. Faida inayobaki ni ile tofauti ndogo kati ya hali hizo mbili. Vifungo vya ayoni, ambapo chaji chanya inavutana na chaji hasi, navyo vinapunguzwa makali na maji. Wanasayansi Alfred Mirsky na Linus Pauling walipoandika mwaka 1936 kuhusu protini kupoteza umbo, walivipa vifungo vya haidrojeni nafasi ya kwanza, na mwaka 1951 Pauling na wenzake walionyesha jinsi vinavyoushikilia mnyororo uliojisokota kama parafujo, asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko. Walikuwa sahihi kuhusu umbo. Ila kuhusu nguvu inayoisukuma protini ijikunje, ilibidi kumsubiri mkemia Walter Kauzmann. Mwaka 1959 yeye alisisitiza nguvu ambayo wengi walikuwa wakiipita tu.

Nguvu hiyo kila mpishi anaijua kwa macho: mafuta juu ya mchuzi hukusanyika yenyewe, tone kwa tone, mpaka yanakuwa duara kubwa. Hayavutani kwa nguvu ya ajabu. Ni maji ndiyo yanayoyasukuma pamoja, kwa kuwa molekuli za maji zikilizunguka tone la mafuta hulazimika kujipanga kwa namna finyu, na mafuta yakijikusanya, molekuli hizo zinarudishiwa uhuru wao. Asidi amino kama valini, leusini na fenilalanini zina tabia ya mafuta. Mnyororo unapoachwa ndani ya maji, hizo hukimbilia ndani na kubanana, na zile zenye chaji hubaki nje zikigusana na maji. Zikishabanana hivyo, mivutano midogo ya karibu kwa karibu kati ya atomu huzikaza zaidi. Protini inakuwa na kiini kikavu na ganda linalopenda maji.

Kuhusu kifungo cha salfa, kipo na kina kazi yake, hasa kwa protini zinazotoka nje ya seli na kukutana na mazingira magumu. Insulini ina vifungo vitatu vya namna hiyo, na kingamwili zinavyo pia. Lakini jaribio maarufu la Christian Anfinsen kule Bethesda, Marekani, linaonyesha nani ni bwana na nani ni msaidizi. Alichukua kimeng'enya cha ribonyuklezi, chenye asidi amino 124 na vifungo vinne vya salfa. Akavivunja vyote vinne na kuukunjua mnyororo kwa yurea. Salfa nane zinaweza kupatana wawili wawili kwa njia 105. Alipoondoa yurea na kuacha hewa ya oksijeni ifanye kazi yake, vifungo vinne vilirudi pale pale vilipokuwa, na kimeng'enya kikafanya kazi tena. Alipoacha salfa zifungane wakati yurea bado ipo, zilifungana ovyo na kimeng'enya kikabaki karibu kufa. Maana yake, zile nguvu dhaifu ndizo zilizochagua nani afungwe na nani, na kifungo imara kilikuja baadaye kuthibitisha uamuzi uliokwisha kufanyika. Anfinsen alipata Nobeli ya kemia mwaka 1972.

Kwa hiyo namwomba mwalimu yeyote wa kidato cha tano na sita anayesoma hapa: ipindue ile orodha. Anza na maji.

Sasa turudi kwenye damu. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Jumla 574. Ndani ya seli nyekundu mazingira hayaruhusu kirahisi salfa kufungana, na himoglobini haikujengwa kuzitegemea. Minyororo hiyo minne inashikana kwa kiini kinachokimbia maji, kwa vifungo vya haidrojeni, na kwa jozi za chaji zinazovutana kwenye maungio. Max Perutz, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Cambridge akiichambua protini hii kwa eksirei, alieleza mwaka 1970 jinsi oksijeni inapoingia jozi hizo za chaji zinavyoachana moja baada ya nyingine, na molekuli nzima ikageuka kutoka umbo la kubana kwenda umbo la kulegea. Ikifika kwenye misuli, zinarudiana, na oksijeni inaachiwa. Mchezo huo unarudiwa kila mzunguko wa damu, kwa takribani siku 120 ambazo seli nyekundu huishi. Jengo la vifungo vigumu lisingeweza kujigeuza hivyo. Udhaifu wa nguvu hizi ndio unaoifanya himoglobini iwe mashine badala ya jiwe.

Seli zenye umbo la mundu zilielezwa mara ya kwanza katika jarida la tiba mwaka 1910 na James Herrick, daktari wa Chicago, baada ya kuchunguza damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Kwa karibu miaka 40 iliyofuata ulionekana kuwa ugonjwa wa seli. Mwaka 1949 Pauling, Harvey Itano na wenzao wakaweka himoglobini ya wagonjwa kwenye uga wa umeme na kuona inatembea tofauti na ya watu wenye afya, ishara kwamba chaji zake zimepungua. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza ugonjwa ulipofuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Vernon Ingram, Cambridge, akamalizia kazi mwaka 1956 na 1957. Aliikata himoglobini vipande kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza kwenye karatasi, na kukuta kati ya vipande karibu 30 ni kimoja tu kilichohama. Ndani ya kipande hicho, kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, glutamati ilikuwa imeondoka na valini imekaa mahali pake.

Ni hilo tu. Glutamati ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji na inayakimbia. Badiliko hili halivunji kifungo chochote. Minyororo bado inajikunja vizuri, oksijeni bado inabebwa, molekuli moja moja ni nzima kabisa. Kilichoongezeka ni doa dogo lenye tabia ya mafuta juu ya ganda lililopaswa kupatana na maji. Himoglobini inapokuwa na oksijeni, doa hilo halina pa kushika. Inapoachia oksijeni na kubadili umbo, kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani hujitokeza kishimo kidogo kilichozungukwa na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, chenye tabia ile ile ya mafuta. Valini inaingia humo. Molekuli ya pili inaishika ya tatu, na kuendelea, mpaka unapatikana uzi mgumu wa safu 14 zilizojisokota pamoja. Nyuzi hizo ndizo zinazoivuta seli ikawa kama mundu.

Kuna ushahidi mzuri kwamba tatizo ni tabia ya mafuta na si kupotea kwa chaji. Afrika Magharibi kuna himoglobini nyingine, iitwayo C, ambayo imebadilika mahali hapo hapo pa sita. Badala ya valini, humo kuna lisini, yenye chaji chanya. Nayo imepoteza ile chaji hasi, lakini lisini inapenda maji, na himoglobini C haijengi nyuzi hizi. Mwenye jeni mbili za C hupata upungufu mdogo wa damu na kwa kawaida huishi bila mateso ya seli mundu.

Ushahidi wa pili unashangaza zaidi. Ukiiweka himoglobini S, yaani hii ya seli mundu, ikiwa haina oksijeni, kwenye mrija, kwa joto la mwili inaganda kuwa kama jeli. Uweke mrija huo kwenye barafu, jeli inayeyuka na kuwa maji tena. Upashe moto, inaganda upya. Vitu vingi tunavyovijua huganda kwa baridi, ila hiki kinaganda kwa joto. Hiyo ni alama ya nguvu ya kukimbia maji, kwa sababu inategemea uhuru wa molekuli za maji, na uhuru huo una uzito zaidi kadiri joto linavyopanda.

Hapa msomaji makini ataniuliza: kama baridi inayeyusha nyuzi, mbona kliniki inatuambia mtoto asipigwe na baridi? Swali ni halali kabisa, na jibu lake linafungua sehemu iliyobaki. Damu ya ndani haipoi hadi nyuzi ziyeyuke. Baridi inachofanya ni kuibana mishipa midogo ya ngozi na viungo, damu inapita polepole, na seli zinakaa muda mrefu zaidi zikiwa hazina oksijeni. Sharti la baridi, kwa hiyo, linahusu muda zaidi kuliko nyuzi joto. Ukielewa hivyo, masharti yote mengine yanajipanga yenyewe.

Nguvu hii ya kukimbia maji inaweza kuonekana kwa macho kwenye maabara ya kawaida. Mtaalamu huchukua mrija wenye mchanganyiko mzito wa fosfati, wenye kemikali moja ya kupasua seli na nyingine ya kunyang'anya oksijeni. Anadondoshea damu kidogo, anautikisa, anasubiri dakika chache, kisha anaushika mbele ya kadi yenye mistari myeusi. Damu isiyo na himoglobini S huacha mistari isomeke vizuri nyuma ya wekundu wake. Yenye S huwa ukungu, na mistari inapotea. Chumvi imeyashika maji, madoa ya valini yametafutana, na protini imejitenga. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na kizuri kwa kazi yake, ila hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, yaani mwenye jeni moja tu yenye kasoro, na hakimfai mtoto mchanga. Wapo wazazi walioambiwa mtoto ni mgonjwa kumbe ni mbebaji, kwa kuwa mtu aliishia kwenye ukungu wa mrija na hakupeleka damu kwenye kipimo cha kutenganisha himoglobini. Hilo linawaumiza watu bure.

Kiini cha hoja yangu ni muda. Seli nyekundu imejaa himoglobini, takribani gramu 340 kwa kila lita ya ujazo wake. Himoglobini S isiyo na oksijeni, kwa joto la mwili, huweza kubaki imeyeyuka hadi kama gramu 160 au 170 tu kwa lita. Kwa hesabu hiyo kila seli ya mgonjwa inapoachia oksijeni ingepaswa kuganda. Lakini hazigandi zote. Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton, kule Bethesda, walionyesha kwamba kabla nyuzi hazijaanza kuna kipindi cha kusubiri ambapo hakionekani kitu, kisha ghafla zinalipuka. Sababu ni ule udhaifu. Mshikamano mmoja wa valini na kishimo hautoshi kudumu. Molekuli mbili hushikana na kuachana, tatu hushikana na kuachana, hadi kwa bahati kundi la kutosha likutane kwa wakati mmoja. Likishapatikana, uzi hukua kwa kasi na wengine huota ubavuni mwake.

Urefu wa kusubiri unategemea msongamano wa himoglobini kwa kiwango ambacho ni nadra kukiona kwenye kemia: kipeo kinachofika hadi cha 30, yaani kama msongamano uliozidishwa kwa wenyewe mara 30. Piga hesabu. Ukipunguza msongamano kwa asilimia 10, kwa kipeo hicho muda wa kusubiri unarefuka zaidi ya mara 20. Seli inahitaji sekunde chache tu kupita kwenye mishipa membamba, na kama sekunde 15 kurudi kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Ikiwahi kurudi kabla kusubiri hakujaisha, imeokoka, hakuna uzi. Isipowahi, inakakamaa njiani na kuziba.

Basi itazame tena ile orodha ya kliniki. Mtoto asiyekunywa maji ya kutosha, au anayeharisha, seli zake hupoteza maji, msongamano unapanda kidogo, na kwa kipeo kile kidogo hicho ni kikubwa mno. Homa inapandisha joto, na nguvu ya kukimbia maji inaongezeka kwa joto. Juu ya hapo humkausha mtoto, na maambukizi hufanya kuta za mishipa zinate, hivyo damu inachelewa zaidi. Malaria hufanya yote hayo pamoja. Penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo, chandarua, maji na sweta vinafanya kazi kwenye hesabu ile ile iliyogunduliwa maabara, na kwenye hesabu hiyo vina uzito ambao akili ya kawaida haiwezi kuukadiria. Muuguzi anayemweleza mama kwa lugha nyepesi kwamba seli za mwanawe zinashindana na muda, na kila kikombe cha maji kinaziongezea muda, amempa sababu. Na mtu mwenye sababu hashiki sharti kwa woga tu. Hamsikilizi kirahisi anayemwambia mtoto karogwa, wala hakubali kuambiwa damu ya ukoo wake ni mbovu.

Wapo pia mashahidi walio hai wa jambo hili, na ni mamilioni. Mbebaji wa jeni moja ana himoglobini S kama asilimia 40 hivi, iliyochanganyika na ya kawaida. Kuchanganyika huko tu kunarefusha kusubiri kiasi kwamba anaishi, anacheza mpira, anazaa, mara nyingi bila kujua. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wabebaji ni wengi mwambao na pembezoni mwa Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha kazi yake, iliyojumuisha uchunguzi wa watoto wa Uganda, na kuonyesha kwamba wabebaji wanapata kinga dhidi ya malaria kali. Jeni hii imebaki kwetu kwa sababu iliwaokoa mababu zetu. Hakuna cha kuonea haya.

Shahidi mwingine ni mtoto mchanga. Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, alitambua mwaka 1948 kwamba wachanga wenye jeni mbili hawasumbuliwi miezi ya mwanzo, na akaihusisha hali hiyo na himoglobini waliyotoka nayo tumboni. Himoglobini hiyo ina minyororo ya gama badala ya beta, na kwenye nafasi ya 87, jirani na kile kishimo, ina glutamini pale ambapo beta ina threonini. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu mpangano. Molekuli yenye gama haiingii kwenye uzi, hata ile yenye nusu ya gama na nusu ya beta yenye kasoro. Himoglobini ya utotoni inapokwisha, karibu miezi sita, ndipo vidole vinavimba na mateso yanaanza.

Haidroksiyurea inafanya hicho hicho. Kidonge hiki, kilichoidhinishwa Marekani kwa ajili ya seli mundu mwaka 1998, kinaushawishi uboho uendelee kutengeneza himoglobini ya utotoni, na kinazifanya seli kuwa kubwa zaidi, hivyo msongamano unashuka. Pande mbili za hesabu zinaguswa kwa kidonge kimoja. Kwa muda mrefu kulikuwa na hofu kwamba kingewadhuru watoto wa Afrika wanaoishi na malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, uliochapishwa mwaka 2019, ulijibu hofu hiyo: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Kati ya miji hiyo minne, mitatu iko kwenye nchi ambazo Kiswahili kinazungumzwa. Hatuhitaji kusubiri ushahidi wa kutoka mbali.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni, moja kwa bei ya dola milioni 2.2 na nyingine dola milioni 3.1. Nazifurahia kwa moyo wote, na natamani watoto wetu wazipate. Lakini tazama zinafanya nini. Casgevy, ile ya dola milioni 2.2, inaikata swichi ya jeni inayozuia himoglobini ya utotoni isiendelee kutengenezwa. Lyfgenia, ile ya pili, inampa mgonjwa jeni ya beta ambayo nafasi ya 87 imebadilishwa kutoka threonini kuwa glutamini, kwa kunakili kile ambacho kila mtoto alikuwa nacho tumboni. Sayansi ya dola milioni 3.1 inalenga kishimo kile kile ambacho kidonge cha haidroksiyurea kinakizunguka kwa njia nyingine. Zinatofautiana kwa ukamilifu na kudumu, ndiyo, na si jambo dogo. Hazitofautiani kwa wazo.

Kwa hiyo sikubaliani na kauli ninayoisikia mara kwa mara, kwamba nchi zetu hazina tiba ya seli mundu mpaka upandikizaji wa uboho au tiba ya jeni ienee. Kauli hiyo inatoka kwa mtu anayedhani ugonjwa mkubwa lazima uwe na kifungo kikubwa cha kuvunjwa. Hapa hakuna kifungo cha kuvunja. Kuna madoa madogo yanayotafutana, na kazi yetu ni kuyachelewesha yasikutane. Kinachotakiwa ni kipimo cha kutenganisha himoglobini kwa watoto wachanga kabla ya miezi sita, pale wanapoletwa kwa chanjo. Haidroksiyurea iwepo hospitali ya wilaya, si ya rufaa peke yake, pamoja na mashine ya kuhesabu chembe za damu, kwa kuwa dozi yake inahitaji kufuatiliwa ili isishushe seli nyeupe kupita kiasi. Na bei yake isimfanye mzazi anunue vidonge vya wiki mbili halafu akae wiki sita bila, maana himoglobini ya utotoni hushuka dawa ikikatizwa, na ule muda wa kusubiri unafupika pamoja nayo.